Kwanini tunataka mwanafunzi wa sera akae Dodoma semista nzima, sio wiki nane

Kila mwaka barua za field zikianza kutoka napokea simu nyingi sana za wazazi, maana mimi ndo mratibu wa mafunzo kwa vitendo kwenye idara yetu hapa Mwanza, na swali ni lilelile: kwanini kijana anayesoma utawala na sera za umma apelekwe Dodoma semista nzima wakati wenzake wa kozi zingine wanamaliza wiki nane tu, tena hapahapa mjini, wanalala nyumbani na kula nyumbani. Ni swali la haki kabisa, pesa inatoka mfukoni kwa mzazi. Leo nalijibu kwa kirefu.

Shida kubwa ni kalenda. Field ya kawaida huwa Julai mpaka Septemba, vyuo vikiwa vimefungwa. Sasa mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, yaani kijana anaripoti ofisini bajeti imeshapita, Sheria ya Fedha imeshasainiwa, mabishano yote yameisha, yeye anapewa kupanga mafaili na kutoa fotokopi mpaka siku zake ziishe. Nimesoma ripoti nyingi za namna hiyo na inaniuma, kijana ana akili nzuri kabisa lakini hakuna alichoona kwasababu msimu ulishapita.

Msimu wenyewe unaanza mapema. Mwishoni mwa mwaka Wizara ya Fedha inatoa mwongozo wa bajeti na ukomo, yaani kila fungu (wizara, mkoa au taasisi yenye namba yake kwenye bajeti) linaambiwa lisivuke kiasi gani, halmashauri zinaandaa makisio na kuyapitisha kwenye baraza la madiwani, alafu ikifika Machi kamati za kudumu za Bunge zinakaa na wizara mojamoja kupitia randama, yaani maelezo ya kina ya bajeti ya wizara, mstari kwa mstari. Mwisho wa Machi CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakabidhi ripoti yake kwa Rais, Aprili inatua bungeni, na kuanzia hapo Bunge la bajeti linakwenda mfululizo mpaka mwishoni mwa Juni. Kwahiyo anayetaka kuona serikali inavyoamua, miezi yake ni Machi mpaka Juni, na mahali pake ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu kule ni wa 1973 lakini wizara zilibaki Dar miaka mingi, ni kuanzia 2016 ndo serikali ilihama kwelikweli, na saivi wizara nyingi ziko kwenye Mji wa Serikali pale Mtumba, nje kidogo ya jiji.

Wazo la semista ya mji mkuu sio jipya duniani. Marekani, American University ya Washington ilianza 1947 kupokea wanafunzi wa vyuo vingine wakae pale semista, siku kadhaa za wiki wako ofisini na siku zingine wako darasani wanakutana na watunga sera wenyewe. Tulichochukua kwao ni mpangilio huo wa kuchanganya ofisi na darasa. Na lazima darasa liwepo, maana kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni masaa 10 ya kujifunza na semista nzima ni kama krediti 60, huwezi kuzijaza kwa kukaa tu ofisini unasubiri kutumwa. Mwanafunzi anakuwa kazini siku nne, siku ya tano ni semina, na kuna andiko la utafiti ambalo linasahihishwa kama mtihani wowote.

Kazini anafanya nini? Akipata msimamizi mzuri kitu cha kwanza atakachofundishwa ni kuandika dokezo sabili, yaani karatasi ya ndani ya ofisi ya kuombea uamuzi wa wakubwa. Watu wengi wanadhani sera inatengenezwa kwenye makongamano, lakini sehemu kubwa inapita kwenye karatasi hiyo. Afisa anaeleza suala kwa aya zilizopewa namba, chimbuko lake, sheria inasemaje, gharama ni kiasi gani, njia zipo ngapi, mwisho anatoa ushauri na kusaini, faili linapanda kwa mkurugenzi, mkurugenzi anaandika maoni yake chini, linapanda kwa Katibu Mkuu, na linaweza kurudi likiwa na maneno mawili tu: "tujadiliane tafadhali". Kijana aliyeona dokezo lake likirudi mara tatu kwasababu hakuonyesha pesa itatoka kasma gani, yaani mstari gani wa bajeti, huyo ameelewa sera kuliko aliyekariri nadharia zote za darasani. Nasimamia hilo.

Na jioni au siku ya semina aende bungeni, jukwaa la wageni lipo, avae kwa heshima tu na afuate taratibu za ulinzi. Asikilize Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, yaani linapopitisha makadirio ya wizara, pale mbunge asiporidhika na majibu anasema atashika shilingi, maana yake anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili waziri abanwe atoe maelezo ya kueleweka. Ukiwa uliona wiki nzima maafisa wa wizara wanavyohangaika kuandaa yale majibu, ile shilingi moja unaiona kwa jicho lingine. Vikao vya kamati vingine vinafanyika ukumbi wa Msekwa, na napenda sana kuwakumbusha vijana wetu kwamba mzee Pius Msekwa, Spika wa zamani, ni mtu wa Ukerewe, mtoto wa kisiwani humuhumu ziwani.

Sharti langu moja kwa kila anayeondoka: aende na swali la huku kwetu. Binti mmoja tuliyempeleka kwao ni Igombe, alikulia kwenye dagaa, anajua masika yakiingia dagaa walioanikwa mchangani wanaoza na mama zake wanauza kwa bei ya chakula cha kuku. Alienda na swali dogo tu, vichanja vya kuanikia ni jukumu la nani? Akagundua kitu ambacho wengi hapa soko la samaki la Mwaloni hawakijui, kwamba sera na kanuni za uvuvi zinatoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, fungu 64, lakini afisa uvuvi wanayemuona kila siku ni wa halmashauri, ambayo iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na pesa za mkoa wetu ziko fungu 81. Kwahiyo wananchi wanaweza kulalamika miaka yote kwenye mlango ambao hauna hiyo bajeti. Aliporudi aliwaeleza wakinamama wale waandike kupitia kata ili suala la vichanja liingie kwenye makisio ya halmashauri kabla baraza la madiwani halijakaa, sio kusubiri Juni wakasikilize hotuba kwenye redio.

Sasa pesa, maana hapa ndo pagumu. Mkopo wa bodi ya mikopo kwa ajili ya field unahesabiwa kwa siku zisizozidi 56, ambazo ni zile wiki nane, zinazobaki mwanafunzi anaishi kwa pesa ya chakula na malazi ya semista kama angekuwa chuoni. Inabana. Vyumba vya bei nafuu Dodoma vinagombaniwa na wanafunzi wa vyuo vya kule, na Bunge likianza mji unajaa, kwahiyo atafute chumba Februari, wapange wawili wawili, na aangalie daladala ya kwenda Mtumba kabla hajalipa kodi. Nauli ya basi kupitia Shinyanga, Nzega na Singida ni ya kwenda na kurudi tu, asipange kurudi kila mwisho wa mwezi.

Mzazi asiahidiwe ajira na mtu yeyote. Ajira serikalini zinapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, field haimruki mtu foleni. Na akitokea anayedai ana nafasi wizarani kwa kulipia, usimpe hata mia, barua ya maombi inaandikwa na chuo kwenda kwa Katibu Mkuu na hailipiwi. Lingine vijana, faili la serikali halipigwi picha, halipostiwi, utasaini kutunza siri na sheria ipo.

Sisi barua zetu zinaanza kutoka Oktoba kwasababu majibu yanachelewa. Anayetaka aje ofisini na matokeo yake, ukurasa mmoja wa swali analotaka kulifuatilia, na namba ya mzazi au mlezi, maana nitampigia kabla sijasaini chochote.