Vipande vya shaba kwenye modeli ya gari la rali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Tabora, mtu akiona kwangu bamba la shaba la ukubwa wa kiganja, limejaa vijipande vyembamba kama miba ya dagaa vya kubandika kwenye modeli ya gari ya plastiki, huuliza limekatwa na mashine gani. Wengi hudhani limepigwa chapa au limekatwa kwa leza. Sivyo. Karatasi ya shaba ya manjano, au ya chuma kisichoshika kutu, hupakwa utando unaobadilika ukipigwa na mwanga. Mchoro huwekwa juu yake kwa filamu, kisha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno na kuoshwa. Palipolindwa na utando hubaki, palipo wazi huliwa na kemikali, mara nyingi feriki kloraidi, ileile inayochora mabamba ya saketi za redio.

Naanza na hilo kwa sababu makosa mengi ya mezani hutokana na kutojua kipande kilivyozaliwa. Mstari wa kukunjia, kwa mfano, si mkwaruzo wa bahati mbaya. Ni mahali ambapo kemikali iliachwa ile upande mmoja tu, karibu nusu ya unene. Mara nyingi mstari huo unatakiwa ubaki ndani ya pembe. Anayekunja kinyume hupata pembe iliyopinda vibaya, na akijaribu kuirudisha, kipande hukatika mikononi mwake.

Dhana inayoharibu modeli nyingi kuliko zote ni hii: kila cha plastiki kikibadilishwa kwa shaba, gari litafanana zaidi na la kweli. Nilipokuwa najenga Toyota Celica ya Safari Rally, gari lililoshinda mbio hizo mwaka 1984, 1985 na 1986, nami niliamini hivyo. Tupige hesabu. Katika modeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, shaba ya milimita 0.1 inawakilisha kitu chenye unene wa milimita 2.4. Plastiki ya milimita 1 inawakilisha milimita 24, na hakuna bati la gari lenye unene huo. Basi wavu wa grili, pini za boneti na kingo za mabano ya taa hupendeza sana zikiwa za shaba, kwa kuwa vitu hivyo ni vyembamba hata kwenye gari lenyewe.

Lakini itazame ngao ya mbele, ile ya mabomba inayokinga taa na rejeta dhidi ya wanyama porini. Bomba ni mviringo. Kipande kilichokatwa kutoka bamba ni bapa, na jicho hulitambua hilo mara moja hata baada ya rangi. Usukani una tatizo hilohilo. Vifuniko vya tope nyuma ya magurudumu ndiyo kabisa: kwenye gari halisi ni mpira au plastiki inayoyumba. Watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya huvikata kutoka kandambili kuukuu, na wako sahihi kuliko anayebandika shaba. Kabla ya kukata kikonyo chochote, yaani kijiungo kinachoshikilia kipande kwenye bamba, jiulize kitu halisi kimetengenezwa kwa nini na kina unene gani. Nusu ya bamba langu la Celica ilibaki haijaguswa, na modeli haikupungukiwa kitu.

Watu husema pia kwamba gundi ya plastiki inatosha, ukiongeza kidogo. Haitoshi hata ukimimina. Gundi ile hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki ili pande mbili ziungane, na shaba haiyeyuki. Unahitaji supaglu, au gundi ya mchanganyiko wa mirija miwili pale unapotaka muda wa kurekebisha. Tone kubwa la supaglu halileti nguvu. Gundi hii hukauka kwa unyevu uliomo hewani na hushika vizuri ikiwa utando mwembamba. Chovya ncha ya sindano, gusa, basi. Mwezi wa Agosti, hewa yetu ikiwa kavu, huchelewa kushika. Kitambaa chenye maji karibu na kazi husaidia.

Hatari yake ni mvuke. Niliwahi kubandika fremu ya kioo cha mbele kwa supaglu, nikafunika boksi nikalala. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Karibu na vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, na supaglu iachie hewa ipite.

Kwamba shaba haikubali mviringo, si kweli. Shaba hukakamaa kadiri unavyoikunja. Kuinyoosha na kuikunja tena ndiko kunakoivunja. Mafundi sonara wanajua dawa yake: ipitishe motoni mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, nayo italainika na kuifuata kalamu unayoizungushia. Weusi wa moto huondoka kwa ndimu na chumvi kidogo. Usifanye hivyo kwa kipande kinachopaswa kubaki kimenyooka, maana hakitarudisha ugumu wake.

Vifaa vya bei kubwa si lazima. Kipande cha kigae ni meza nzuri ya kukatia, kwa kuwa juu ya kitu laini kipande hupinda kabla kikonyo hakijakatika. Kibano cha fundi simu, wembe mpya, tupa ndogo. Kulehemu nako si sharti. Ukitaka kulehemu, maliza kabla ya kugusa plastiki, ambayo hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100.

Rangi kubanduka kwenye shaba si kosa la shaba. Ni mafuta ya vidole. Piga msasa laini, futa kwa spiriti, kisha pulizia praima, yaani rangi ya msingi. Praima ya gereji inafaa, ila ipulizie kipande kikiwa bado kwenye bamba, kwa sababu thina yake inaweza kuila plastiki.

Na mikanda ya viti. Mabamba mengi huja na mkanda mzima wa shaba, watu wakadhani ndiyo njia bora. Mkanda wa shaba husimama kama ubao. Chukua bizimu za shaba peke yake, yaani vifungo vya mkanda, pitisha ndani yake utepe mwembamba wa kitambaa, uulaze kitini. Hulegea begani na kujikunja penye kiuno, kama dereva ameshuka sasa hivi.