Dursun: jina lililo ombi

Ukiendesha gari Uturuki, kwenye makutano utakuta kibao chekundu cha pembe nane kimeandikwa DUR. Simama. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa Kituruki wakikutana na mwanamume aitwaye Dursun hudhani wazazi wake walimfanyia mzaha. Asimame? Asimame wapi?

Kitenzi chenyewe ni durmak, na upana wake unakaribiana na wa "kukaa". Sisi tunakaa kitini, tunakaa Tanga, na chakula kinakaa siku mbili bila kuchacha. Durmak nacho ni kusimama, kutulia, kubaki. Halafu kinakuja kiambishi -sun, kinachofanya kazi ya ile -e yetu ya "na aje". Kwa hiyo Dursun ni "na akae". Abaki. Asiende kama wenzake.

Alipewa jina hilo mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki wakiwa wachanga. Mimi nalipenda kwa sababu halimsifu mtoto hata kidogo. Arslan ni simba, Demir ni chuma; Dursun ni sauti ya mzazi tu, na anayeombwa hatajwi.

Lina jamaa zake. Yaşar, "anaishi", hujitia uhakika ambao mzazi hakuwa nao. Durmuş ni "aliyekaa", na -muş hiyo katika mazungumzo mara nyingi huwa na ladha ya "kumbe": kumbe amekaa! Linalowashtua wengi ni Satılmış, "aliyeuzwa". Mtoto aliwekwa chini ya ulinzi wa kaburi la walii, au "akauzwa" kwa maneno tu kwa jirani ambaye wanawe wamesalimika, ili balaa likija limkose.

Jina ni la zamani. Tursun Bey aliandika katika karne ya 15 historia ya Sultani Mehmed II, aliyeiteka Istanbul mwaka 1453. Hiyo t ya mwanzo bado iko kwa Wauzbeki na Wauiguri, wenye lugha ndugu za Kituruki, na limevuka hata hadi kwa Watajiki, ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kiajemi: mshairi wao Mirzo Tursunzoda amelibeba.

Siku hizi linanukia kijiji. Kwenye vichekesho vya pwani ya Bahari Nyeusi, Dursun ndiye mwenzake Temel. Ni akina Abunuwasi wa huko, ila wao ni wawili: Temel anakuja na wazo la ajabu, Dursun anauliza swali la ajabu zaidi.