Sumu nyingine wala sio ya jani, ni ya fangasi aliyemo ndani

Jani linaweza kuwa kijani safi, halina hata doa, ukasema hili zima kabisa, na kumbe limejaa fangasi. Wamejibanza katikati ya seli, hawaleti dalili yoyote, tunawaita endofaiti, na mimi kazi yangu ndo kuwatafuta hao. Unaosha jani kwa spiriti na klorini ili vilivyo juu vife, unakata vipande vidogo, unaweka kwenye agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu), unasubiri waote. Kabla ya kukata gandamiza jani kwenye agari nyingine, hapo pakiota kitu ujue hujaosha vizuri na matokeo ni ya kutupa tu (watu wanairuka sana hii hatua, inanikera!).

Ila utamu uko kwenye kemia. Marekani mwaka 1943 walitoa mbegu ya nyasi za malisho, festuka ndefu aina ya Kentucky 31, ikasambaa kwelikweli maana inavumilia ukame na wadudu hawaisumbui, shida ikaja kwa ng'ombe, wakiila mwili unachemka, wanakonda, wengine mkia na kwato zinaoza sababu mishipa ya damu imebana. Jibu likaanza kuonekana 1977, Charles Bacon na wenzake walipoonyesha kwamba kuna fangasi ndani ya hizo nyasi, siku hizi anaitwa Epichloë coenophiala. Yeye ndo anatengeneza ergovalini inayobana mishipa, na lolini inayoua wadudu. Na ana sababu, maana huyu anahama kupitia mbegu tu, nyasi zikifa na yeye kwisha. Basi watu wakamtoa, ng'ombe wakapona ila nyasi zikawa zinakufa ovyo kwenye ukame, ikabidi warudishe fangasi wa aina ileile ila wale wasiotengeneza ergovalini. Mimi hapo huwa nacheka.

Kakao ni tofauti, majani yake yanachipua karibu masafi, fangasi wanakuja baadae na hewa na mvua. Utafiti wa Panama uliotoka 2003 ulionyesha majani yaliyopewa endofaiti yaliharibiwa kidogo na Phytophthora (kimelea kinachoozesha kakao) kuliko yale yasiyopewa, na kinga ilikaa zaidi kwenye majani yenye fangasi, sio mti mzima.

Kuhusu ukuaji, baadhi wanatengeneza oksini, homoni ileile ya mmea, kwahiyo mizizi inaongezeka. Lakini wanakula sukari ya mmea pia, udongo ukiwa hauna rutuba hiyo gharama inaonekana, mmea wenye fangasi unaweza kabisa kubaki nyuma, so usiamini kila anayekuuzia "fangasi wa kukuza mazao".

Na ukisoma kwamba jani fulani lina kemikali fulani, uliza kama walishalitoa fangasi kwanza. Kuna jamii za Astragalus (mimea ya ukoo wa kunde) zinazopagawisha mifugo kwa sumu ya swainsonini, miaka yote lawama ni kwa mmea, ila otesha mbegu iliyoondolewa fangasi, mmea unakua kama kawaida na swainsonini huioni.