Mguu usiouma ndio unaonitia wasiwasi

Mgonjwa wa kisukari akinieleza kwamba miguu inamwaka moto usiku, namhurumia, ila najua mishipa yake ya fahamu bado inasema kitu. Ninayemhofia zaidi ni yule wa "daktari, miguu yangu haina neno". Akivua kiatu tunakuta kokoto, na chini yake kidonda. Ameshinda nayo kutwa nzima.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na mirefu kuliko yote, ile inayofika vidoleni, ndiyo hutangulia kufa ganzi. Mishipa ya damu nayo huziba kidogo kidogo, kwa hiyo kidonda kikitokea hukosa damu ya kukiponya na vijidudu huingia. Wengi waliokatwa mguu walianzia kwenye lengelenge la kiatu kipya.

Kliniki nina uzi wa nailoni unaojipinda ukifikia nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, mimi naugusisha kwenye wayo, yeye aniambie akiusikia. Asipousikia, tangu siku hiyo macho yake ndiyo yatafanya kazi ya hisia. Kila jioni atazame nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni. Akung'ute kiatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, maana mguu utamdanganya. Mafuta apake, lakini si kati ya vidole, kwani unyevu hapo hualika fangasi. Na sugu asizichonge kwa wembe! Hili nimelisema mpaka nimechoka.

Macho na figo huharibika kimyakimya vivyo hivyo. Mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, tangu anapogundulika, maana huenda sukari ilikuwa juu miaka kadhaa bila yeye kujua. Mkojo upimwe protini walau mara moja kwa mwaka.

Kuhusu sukari yenyewe, kipimo cha asubuhi kinaeleza asubuhi hiyo tu. HbA1c, kipimo cha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, huonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi. Wengi tunawalenga chini ya asilimia 7. Mzee ambaye sukari humshuka ghafla namlegezea lengo hilo, kwani kuanguka na kuvunjika nyonga nako ni madhara. Presha watu huisahau, ilhali utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulionyesha mwaka 1998 kwamba kuidhibiti vizuri hupunguza madhara ya kisukari.

Kidonda chochote mguuni kionwe na mtaalamu upesi, hata kama hakiumi. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake bila maumivu, huenda mifupa inavunjika ndani. Usiukande wala usiukanyage. Tafuta usafiri uje siku hiyo hiyo.