Sio kila "in-" na "un-" ya Kiingereza inamaanisha "si"

Siku moja nilikuwa kwa fundi wa kupuliza rangi za magari, kijana wake kaweka kopo la thina hatua mbili tu kutoka kwenye jiko la mkaa. Nikamwambia dogo sogeza hilo kopo, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "hii haishiki moto braza, si imeandikwa hapo inflammable?" Nikalisogeza mwenyewe haraka haraka. Na wala simlaumu, maana shuleni wengi wetu tuliambiwa "in-" mbele ya neno inakanusha, basi, tukakariri hivohivo.

Ukweli ni kwamba Kilatini kilikuwa na "in-" mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni ya kukanusha, ndo hiyo ya "invisible", kisichoonekana. Nyingine ni ya ndani au kuelekea, kama "inhale", kuvuta hewa ndani. Sasa "inflammable" imetoka kwenye neno la Kilatini inflammare, yaani kuwasha moto, kwahiyo maana yake inashika moto upesi, sawasawa kabisa na "flammable". Kinyume chake ni "non-flammable". Mkanganyiko huu ulionekana hatari kiasi kwamba Marekani tangu miaka ya 1920 watu wa kinga ya moto walipigania vyombo viandikwe "flammable", isibaki nafasi ya mtu kuelewa vibaya. Kwahiyo ukikuta "inflammable" kwenye kopo la zamani au popote pale, weka mbali na moto tafadhali.

"Inhabitable" nayo ni hivohivo, inatokana na "inhabit", kuishi mahali, kwahiyo ni sehemu inayokalika, isiyokalika ni "uninhabitable".

Halafu kuna "invaluable", watu wanadhani ni kitu kisicho na thamani. Hapa "in-" inakanusha kweli, ila angalia inakanusha nini, inakanusha kupimika, thamani yake haikadiriki kwa ukubwa. Ni kama sisi tunavosema mama hana bei, hakuna anayeelewa kwamba mama hana maana. Na "infamous" sio mtu asiyejulikana, anajulikana sana tu, ila kwa mabaya.

Eti "un-" kazi yake ni kukataa tu. Hapa mswahili ana bahati kubwa na hatuambiwi darasani! Kwenye sifa kama "unhappy" sawa, ni kukanusha, ila kwenye vitendo "un-" inatengua kilichofanyika, na sisi kitu hicho tunacho siku zote, funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. "Untie" ni kufungua, sio kutofunga. Ukishaona hivo "unlock" na "unfold" zinajieleza zenyewe. Na kama ambavo "chukua" na "nunua" zinaishia na -ua lakini hazitengui chochote (hakuna kitendo cha "chuka"), ndo hivohivo "uncle" na "under" zinaanza na un bila kukanusha kitu. Hata yunifomu, ile "uni-" ni ya Kilatini na maana yake moja, umbo moja kwa wote.

Eti "im-", "il-" na "ir-" ni viambishi tofauti vya kukariri kimoja kimoja. Hapana, ni "in-" ileile imebadilika sauti kulingana na herufi inayofuata, "impossible", "illegal", "irregular". Sisi tunasema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya, ile n imegeuka m mbele ya b na hakuna aliyekufundisha, mdomo wenyewe umetafuta njia rahisi. Ila "un-" haibadiliki, ndo maana ni "unpopular" na sio "umpopular", kwasababu yenyewe sio ya Kilatini, ni ya Kiingereza cha asili.

La mwisho ni "disinterested" na "uninterested". Kwa matumizi makini jaji anatakiwa awe "disinterested", hana maslahi yake kwenye kesi, akiwa "uninterested" maana yake kesi haimvutii hata kidogo. Siku hizi wapo wanaoyatumia kama neno moja na kamusi zinalitaja hilo, lakini kwenye barua ya kazi au mtihani mi ningekushauri uyatenganishe.