Neno "Serikali" Linamtaja Nani?

Zahanati ikikosa dawa, tunasema serikali imetusahau. Barabara ikiwekwa lami, tunasema serikali imetukumbuka. Na hakimu akimwachia huru mshtakiwa, hakosekani mtu wa kusema kwamba serikali imemwachia. Neno hili moja limebebeshwa maana nyingi mno, na anayeumia ni mwananchi, kwa sababu asiyejua ni nani hasa anayetajwa hawezi kujua malalamiko yake ayafikishe wapi.

Kabla ya kuendelea, ipo dhana moja inayopaswa kuondolewa. Wapo wanaodai, na wengine hulifundisha hilo kwa uhakika kabisa, kwamba "serikali" ni "siri kali". Dai hilo si kweli. Asili ya neno ni Kiajemi, ambamo "sar" ni kichwa na "kar" ni kazi, yaani mkuu wa shughuli, na India hadi leo serikali huitwa "sarkar". Ninalisisitiza jambo hili kwa kuwa aliyeamini kwamba usiri ndio asili ya serikali hataona haja ya kuuliza mapato na matumizi ya kijiji chake, hali yeye ana haki kamili ya kuyauliza.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalitumia neno hili kwa upana unaotofautiana. Katika Ibara ya 6, Serikali ni pamoja na Serikali ya Jamhuri ya Muungano, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Serikali za Mitaa na hata mtu yeyote anayetekeleza madaraka kwa niaba ya vyombo hivyo. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji anapotoa amri akiwa kazini, ni Serikali inayosema, na wajibu wa kuheshimu haki za raia unamhusu yeye kama unavyomhusu waziri. Kwingineko maana ni finyu zaidi. Ibara ya 4 inagawa mamlaka ya utendaji, ya kutoa haki na ya kutunga sheria kwa vyombo mbalimbali, na katika mgawanyo huo Serikali ni ule upande wa utendaji. Ndiyo maana wabunge huihoji Serikali na kuidhinisha bajeti yake, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama Bunge nalo lingekuwa Serikali. Mahakamani vilevile, katika kesi ya jinai anayeshtaki ni Jamhuri, naye hakimu hayuko upande wa yeyote.

Chama tawala nacho si Serikali, ingawa kuchanganya huku kuna historia yake. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1992 nchi ilikuwa ya chama kimoja, chama kikashika hatamu, na balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa hakika alikuwa kiongozi wa chama, ndiye aliyewajua wakazi na kuwasuluhisha. Kizazi kilicholelewa hivyo hakiwezi kulaumiwa kwa kuona mlango mmoja pale ilipo miwili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye "serikali ya mtaa" na "Serikali za Mitaa". Mkazi wa mjini anayehitaji barua ya utambulisho ili afungue akaunti benki au amdhamini ndugu yake huambiwa aende serikali ya mtaa, na hapo humkuta mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi pamoja na mtendaji aliyeajiriwa. Kisheria, hata hivyo, Serikali za Mitaa ni mfumo mzima unaojumuisha halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji, mfumo uliofutwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Matumizi ya kila siku yanazidi kuuficha ukweli huu, kwani "uchaguzi wa serikali za mitaa", kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, huwachagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa, ilhali diwani, ambaye ndiye mjumbe wa baraza la halmashauri, huchaguliwa katika Uchaguzi Mkuu pamoja na Rais na mbunge. Matokeo yake, wengi hupiga kura ya diwani bila kufikiri kwamba wanaichagua serikali iliyo karibu na zahanati na shule za msingi kuliko wizara yoyote. Mkuu wa wilaya, kwa upande mwingine, ni mteule wa Rais na mwakilishi wa Serikali Kuu; hapigiwi kura na wakazi wa wilaya.

Basi zahanati ikikosa dawa, wa kuulizwa kwanza ni mganga mfawidhi na kamati ya zahanati, kisha diwani, ambaye ana nafasi ya kulifikisha suala hilo kwenye baraza. Kijijini, swali la fedha huulizwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na ambao unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu.