Kurudishiwa nauli si kulipwa fidia

Ndege imefutwa. Abiria amepanga foleni, na akifika kaunta anasema anataka fidia. Mhudumu anamjibu kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, fedha zake zitarudi. Abiria anashukuru na kwenda zake akiamini fidia ameipata. Hakuipata. Amerudishiwa fedha zake mwenyewe, na kama sheria inayoihusu safari ile ilimpa haki ya fidia, basi bado anadai.

Marejesho ya nauli ni bei ya kitu ulicholipia usipewe. Hapa kosa ni la nani si hoja. Iwe dhoruba, iwe vita, iwe injini imegoma, shirika halikukusafirisha, kwa hiyo haliwezi kukaa na nauli yako. Ndiyo maana hata tiketi iliyoandikwa kuwa nauli yake hairudishwi haimfungi abiria pale shirika lenyewe linapofuta safari. Maneno yale humhusu abiria aliyebadili nia, si ndege ambayo haikuruka. Nimeona watu wakikata tamaa mapema kwa sababu tu ya maandishi hayo.

Katika Umoja wa Ulaya, safari ikifutwa abiria huchagua: arudishiwe nauli ndani ya siku 7, au apelekwe aendako kwa ndege nyingine. Ikiwa ndege imechelewa tu, haki ya kuacha safari na kudai nauli huanza ucheleweshaji ukifika saa 5. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2024, mpaka ni saa 3 kwa safari za ndani ya nchi na saa 6 kwa za kimataifa, mradi abiria aamue kutosafiri. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hurudishiwa ndani ya siku 7 za kazi, aliyelipa kwa njia nyingine ndani ya siku 20.

Kuna na vocha. Shirika likikupa vocha badala ya fedha, hilo ni pendekezo, nawe una ruhusa ya kulikataa. Sheria ya Ulaya inataka abiria akubali kwa saini yake. Tatizo ni kwamba vocha huja kwa ujumbe wa simu wenye kitufe kikubwa cha kukubali, na mtu aliyechoka hubonyeza kabla hajasoma.

Fidia ni jambo jingine kabisa. Hairudishi ulichotoa, bali hulipia usumbufu uliokupata. Kwa hiyo unaweza kuwa umesafiri, umefika, nauli yote imetumika kihalali, na bado ukawa na haki ya fidia kwa kuwa umefika umechelewa mno. Ila fidia ina masharti mawili ambayo marejesho hayana: lazima kuwe na sheria inayoitoa katika safari yako, na chanzo cha tatizo kiwe upande wa shirika.

Sheria inayotajwa zaidi ni Kanuni ya 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Viwango vyake hupimwa kwa umbali: yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, yuro 400 kwa safari za kati hadi kilomita 3,500, na yuro 600 kwa zilizo ndefu zaidi. Safari inayoanza na kuishia ndani ya Umoja haivuki 400 hata ikizidi umbali huo. Bei ya tiketi haiangaliwi, na aliyenunua tiketi ya yuro 30 anaweza kupata 250, jambo ambalo mashirika ya bei nafuu hayajawahi kulipenda. Uingereza ilibaki na mfano wake baada ya kujitoa katika Umoja, kwa pauni 220, 350 na 520. Kanada nayo inayo fidia ya ucheleweshaji. Marekani haina sheria ya namna hiyo: ndege ikichelewa huko, fidia ya fedha hutegemea ahadi ya shirika lenyewe.

Kinachowashangaza wengi ni mwelekeo wa safari. Chukua shirika la Kimarekani linaloruka kati ya Paris na New York. Likichelewa kutoka Paris, kanuni ya Ulaya inalibana, kwa kuwa safari imeanzia ndani ya Umoja. Likichelewa likitoka New York, kanuni hiyo hailigusi, maana safari inayoanzia nje ya Umoja huhusika pale tu shirika linaloirusha ni la Ulaya. Abiria yuleyule, njia ileile, kwenda ana haki na kurudi hana.

Jambo jingine lisiloonekana ukisoma kanuni yenyewe: haisemi popote kwamba kuchelewa kunalipiwa fidia. Inataja kufutwa kwa safari na abiria kunyimwa nafasi ndani ya ndege. Ni Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoamua mwaka 2009 kwamba anayefika saa 3 au zaidi baada ya muda uliopangwa atendewe kama yule ambaye safari yake imefutwa. Hapo pakazuka swali: kufika ni lini? Mwaka 2014 iliamuliwa kesi ya ndege iliyogusa ardhi ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58, lakini ikafika mahali pa kuegeshwa ikiwa imepitiliza saa 3. Mahakama ilisema kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kushuka. Nadhani ni uamuzi wa haki, kwani mtu aliyefungiwa ndani ya ndege iliyotua bado yuko safarini. Basi angalia saa mlango unapofunguka, uiandike.

Sharti la pili ndilo lenye mabishano. Shirika husamehewa fidia likithibitisha kwamba tatizo lilitokana na hali zisizo za kawaida ambazo lisingeweza kuziepuka hata kwa kuchukua kila hatua ya busara. Hali mbaya ya hewa na kufungwa kwa anga huingia humo. Hitilafu ya kiufundi kwa kawaida haiingii: mahakama iliamua mwaka 2008 kwamba kutunza ndege ni kazi ya kila siku ya shirika. Mgomo wa ghafla wa wafanyakazi wa shirika lenyewe nao uliwahi kukataliwa kama kisingizio, mwaka 2018. Lakini ndege wa porini akiigonga ndege ya abiria, mahakama ilisema mwaka 2017, hiyo ni hali isiyo ya kawaida. (Kiswahili kimewapa jina moja, ngeli tu ndiyo inayowatenganisha.) Na ikiwa shirika lilikuarifu siku 14 au zaidi kabla kwamba safari imefutwa, fidia hakuna, ingawa nauli unarudishiwa.

Chakula na malazi wakati wa kusubiri ni haki ya tatu, nayo haisamehewi na hali zisizo za kawaida. Volkano ya Iceland ilipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, kuna mashirika yaliyodai kwamba ule ulikuwa msiba usiowahusu. Mwaka 2013 mahakama ilijibu kwamba wajibu wa kuwatunza abiria ulibaki palepale. Mashirika hayakudaiwa fidia, ila hoteli yalidaiwa. Usipohudumiwa, jigharamie kwa kiasi na utunze risiti.

Pale ambapo hakuna kiwango maalumu, upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za kimataifa kati ya nchi nyingi za dunia. Fidia yake ni ya hasara: unaonyesha ulichopoteza, kwa mfano usiku wa hoteli au tiketi ya kuunganisha, na kuudhika peke yake hakulipwi. Shirika nalo linaweza kujitetea kwamba lilifanya yote yaliyowezekana. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2.

Kwa hiyo ukiandika madai, yaelekeze kwa shirika lililoirusha ndege, hata kama tiketi ulikata kwa jina la shirika jingine, na utenganishe vipengele: nauli ya safari isiyofanyika, gharama ulizotoa mfukoni pamoja na risiti, kisha fidia kwa kuitaja sheria na kiwango. Omba pia sababu ya ucheleweshaji kwa maandishi. Ukiyachanganya yote katika sentensi moja ya kulalamika, shirika litajibu lile lililo rahisi kwake, ambalo mara nyingi ni vocha.